Muziki Wenye Mwenyewe

Wiki iliyopita nilikwenda saiba, duka la kompyuta, hapa Nyamasaria kuchomewa CD. Ofisi moja niliyoiandikia kuomba kazi ilitaka vyeti viletwe ndani ya CD, jambo lililonisumbua sana, kwa sababu nilianza kujiuliza kama ni mtego wa kupima nani atatii na nani ataleta flashi. Kijana wa saiba alipuliza vumbi kwenye mashine ya zamani, akachoma, kisha akanikabidhi CD ikiwa bado na moto. Niliinusa kabla sijafikiri. Harufu ya plastiki iliyopata joto, tamu kidogo, kama ndoo iliyoachwa karibu na jiko. Nikabaki nimeishikilia puani.

"Sister, uko sawa?" kijana akauliza.

Nikamwambia niko sawa. Sikuwa sawa. Nilikuwa nimerudi kwenye chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga nilipokuwa mdogo, nauona mgongo wa Baba mbele ya kompyuta, nasikia fidla zinaingia moja baada ya nyingine, na najua kwa uhakika ambao sijaupata tena katika jambo lolote kwamba Mama atakufa.

Baba alikuwa mpiga video. Kwenye kibao cha mlangoni aliandika "Arusi, Sherehe na Mengineyo", na sisi tuliishi kwa hayo mengineyo, yaani matanga. Alibeba kamera hadi Ahero, hadi Kombewa, hadi vijiji vya ndani ambako barabara inaishia kwenye ua wa mtu, akarudi na vumbi kwenye nyusi. Ndugu walioshindwa kuja kuzika, walioko Nairobi na walioko ng'ambo, walitaka kuona kila kitu: gari la jeneza likiingia, shangazi akianguka, wazee wakibishana kuhusu nani azungumze kwanza. Familia zilimletea pia vipande vya zamani ambamo marehemu alikuwa bado hai: marehemu akicheza kwenye arusi ya binamu, marehemu akilishwa keki, marehemu akimfukuza mpiga video kwa mkono huku anacheka. Baba aliviweka hivyo mwanzoni mwa DVD, na chini yake akaweka muziki, kisha akaichoma, na nyumba nzima ikanuka plastiki yenye joto.

Muziki wenyewe ulikuwa wa filamu, ule mkubwa wa okestra usio na mwimbaji. Nilipomuuliza kwa nini haweki nyimbo za kanisa, alisema ukiweka za kanisa moja, wajomba wa kanisa lingine watanuna. Na ukiweka za Kidholuo, lazima mtu atainuka aseme mwimbaji huyo alikuwa akiusifu ukoo mwingine. Fidla hazina dhehebu. Hazijasema neno, kwa hiyo hakuna wa kuzishtaki.

Lakini kulikuwa na shida moja, na shida hiyo ndiyo iliyomfanya Baba kuwa mkusanyaji. Siku moja mama mmoja wa Kano alikuja na DVD mkononi, akaitupa mezani.

"Bwana Kamera, umemlilia mama yangu na machozi ya mtu mwingine!"

Ilitokea kwamba alikuwa ameona video ya jirani yao, na chini ya jirani yule ulikuwa muziki uleule uliowekwa chini ya mama yake. Baba alijaribu kumweleza kwamba muziki ule umetoka kwenye filamu ya Wazungu wanaovuka jangwa. Haikusaidia. Zamani kwao mtu aliyejua kulilia wafu aliitwa, akasimama mbele ya nyumba, akatunga kilio cha mtu yule mmoja, na kilio hicho hakikupelekwa boma la pili. "Kilio haiazimwi," yule mama alisema. Baba alilirudia neno hilo kwa miaka. Tangu siku ile kila marehemu alipata muziki wake, na ukishapewa mtu, umepewa. Haukutumika tena.

Kwa hiyo muziki uliisha haraka kuliko sukari. Baba alinunua DVD mjini, mafungu kwa mafungu, lakini ndani ya filamu muziki umejaa maneno ya watu, farasi na milipuko. Sehemu safi ni ile ya mwisho, majina yanapopanda kwenye giza. Majirani waliokuja kutazama nasi waliinuka pale pale, wakasema asante, wakatafuta ndala zao mlangoni. Sisi watatu tulibaki. Baba alichomeka waya kutoka kwenye deki ya DVD hadi kwenye kompyuta, akainua kidole tunyamaze, na majina yakapanda huku okestra nzima inatupigia sisi peke yetu, kwenye kochi lenye shimo.

Nilipenda sana. Lazima niseme hivyo, kwa sababu nikieleza hofu peke yake nitakuwa nimesema nusu. Baba alinifundisha kuzitofautisha sauti kwa njia yake. Fidla ni wanawake wanaozungumza wote kwa pamoja lakini wanaelewana. Chelo ni mzee anayekohoa kabla ya kusema. Tarumbeta ni wageni waliofika na gari kubwa. Ngoma kubwa ni yule mjomba asiyesema kitu mkutano mzima, akisema mara moja kila mtu anageuka. Nilifumba macho nikawaona wote wameketi uani kwetu. Mama alikaa pembeni akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, akatutazama kama watu wanaoumwa ugonjwa mmoja.

Ila kadiri nilivyosikiliza, ndivyo nilivyogundua jambo lingine. Muziki hujua kabla ya mtu. Kwenye filamu mwanamke anafua nguo, anatabasamu, hana habari, na tayari fidla zimeanza. Ukizisikia, unajua tayari kwamba hatafika mwisho. Na nyumbani kwetu ilikuwa hivyohivyo: asubuhi Baba anajaribu muziki huu na ule, nami nauliza ni wa nani, naye anajibu, "Hii ni ya mwalimu mmoja wa Ahero," au "Hii ni ya yule mzee wa posho mill, msaga unga." Baada ya hapo ninawaona kwenye skrini. Mwalimu anacheka, anacheza, anakula keki. Muziki unapanda. Kisha jeneza. Sikuwahi kuwaona watu hawa kabla ya muziki wao. Kwangu mimi mpangilio ulikuwa wazi: muziki unapewa jina la mtu, na mtu anakwenda.

Sikumwambia mtu. Nilidhani kila mtu anajua.

Palikuwa na muziki mmoja ambao Baba hakuutumia. Ulianza na fidla moja chini kabisa, kama mtu anayenong'ona wimbo huku anatafuta kitu alichokisahau. Halafu nyingine zinamsaidia kutafuta. Filimbi inakuja kama mtoto aliyekiona kitu chenyewe lakini hakuna anayemsikiliza. Na kila ninapodhani sasa utalia kwa nguvu, unajizuia. Wateja waliokuja kuchagua, waliousikia kwa bahati, waliuomba. Baba alitikisa kichwa. "Hiyo ina mwenyewe."

Siku moja nikauliza, "Mwenyewe ni nani?"

Alikuwa akifuta lenzi kwa pindo la shati. Hakuinua hata macho.

"Ni ya mama yako."

Bado nakumbuka kwamba nilikuwa nimeshika kikombe cha chai na kwamba nilikiweka chini taratibu sana, kama vile kishindo kidogo tu kingemkumbusha mtu fulani kazi yake. Jikoni Mama alikuwa akipigana na kifuniko cha mtungi, akilalamika. Nilikwenda nikasimama nyuma yake nikashika sketi yake.

"Unataka nini?"

"Hakuna."

"Basi toka kwa moto."

Wakati huo alikuwa mjamzito. Tumbo lilikuwa kubwa kiasi kwamba aliweka sahani juu yake kwa mzaha, na alipoketi na Baba jioni kusikiliza muziki ule wake alikuwa akisema, "Ona, ameanza kurusha miguu." Mimi sikuona mzaha wowote. Nilihesabu pumzi zake nilipoweza. Miguu yake ilianza kuvimba, viatu vikakataa kuingia, akavaa ndala za Baba. Kichwa kikamuuma. Akaamua kwenda Seme, kwa Dani, mama yake Baba, apumzike huko kwenye hewa hadi atakapojifungua. Alipoondoka alinibusu kwenye paji la uso, akaniambia nimwangalie Baba asisahau kula. Nilitaka kumwambia asiende. Nilitaka pia kumwambia aende mbali zaidi, mahali pasipo na waya wa kompyuta. Nilisimama nikimtazama hadi aliponipungia mkono, na sikumpungia, kwa sababu kwenye zile video marehemu wote wanapunga mkono.

Hazikupita siku nyingi, Baba akapigiwa simu. Presha ya Mama ilikuwa imepanda, wamempeleka hospitali Kombewa. Akaanza kwenda na kurudi, na mimi nikawa nakaa kwa mama jirani, aliyeuza mandazi kando ya ukuta wetu. Siku moja nilipotoka shuleni nikasikia ule muziki kabla sijafika mlangoni. Nilichungulia. Baba alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, na kwenye skrini alikuwa Mama. Alikuwa kwenye arusi ya mtu, amevaa gauni la kitenge cha njano, anacheza, mikono juu, anamkodolea macho mwenye kamera kama anayesema, wewe, acha kunipiga. Fidla zilikuwa chini yake. Zile zile.

Baba hakulia. Alikuwa ameegemeza kidevu kwenye ngumi, anatazama tu, na kipande kilipoisha alikirudisha mwanzo.

Sijui kama nitaweza kueleza aina ya hofu hiyo. Mtu mzima akiogopa, ana mahali pa kuiweka hofu yake: anaomba, anapiga simu, anatafuta takwimu. Mimi nimesoma takwimu chuoni, na najua vizuri kabisa tofauti ya vitu vinavyofuatana na vitu vinavyosababishana. Lakini bado nakusanya muziki wa filamu, simu yangu imejaa, na hadi leo nikipata kipande kipya kizuri najikaza nisimfikirie mtu yeyote ninayempenda hadi kiishe. Mtoto niliyekuwa wakati ule hakuwa hata na neno takwimu. Alikuwa na mlango wa kuchungulia, basi. Niliona Baba ameshaanza kazi. Kilichobaki ni jeneza.

Usiku sikufikiri kitu kingine, na asubuhi nilikuwa na mpango. Kilio hakiazimwi. Ukishapewa mtu, umepewa. Kwa hiyo ule muziki ukichukuliwa na mtu aliyekwisha kufa, hautakuwa wa Mama tena, na Mama hatakuwa na muziki wa kufia.

Wateja walikuja Jumamosi, Baba akiwa Kombewa. Walikuwa kaka na dada, watu wazima. Kaka alikuwa na koti la suti lililomzidi mabega, dada na kitambaa kichwani na mkoba aliokaa nao mapajani kana kwamba ni mtoto. Walikuwa wamemzika baba yao huko Ahero, kwenye mashamba ya mpunga.

"Baba yako iko wapi?" kaka aliuliza.

"Ameenda hospitali. Alisema mngoje, atakuja mchana."

"Sisi tunataka tu kusikia muziki tuchague."

"Naweza kuwawekea," nikasema. Nilikuwa nimemtazama Baba akifanya mara nyingi. Nilibonyeza pale palipotakiwa, na fidla ya kwanza ikaanza kutafuta kitu chake.

Walisikiliza. Dada alifumba macho. Filimbi ilipoingia, kaka alikuna shingo.

"Hii ni tamu," dada akasema.

"Ni tamu," kaka akasema. "Lakini si ya Mzee."

"Kwa nini si ya Mzee?" Swali hilo liliulizwa na mimi, kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia.

"Hii ni ya mtu anayesalimia watu," dada akanieleza kwa upole. "Mzee yetu alikuwa anasalimia nani?"

"Ng'ombe," kaka akasema.

"Ng'ombe mmoja."

"Yule wa madoa," kaka akaongeza. "Wale wengine hakuwataka." Wakacheka, kisha dada akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Yawa, ule mwaka wa mafuriko," akasema, "watu wote wamekimbilia shuleni, yeye amepanda juu ya mabati, ameshika fimbo, anatukana maji. Ati maji itoke kwa shamba yake."

"Na ikatoka."

"Ilitoka baada ya wiki!"

"Lakini ilitoka. Mtoto, huna ile ya vita? Ile ya ngoma na tarumbeta?"

"Chukueni hii," nikasema. "Hii ni nzuri zaidi. Haina mwenyewe."

"Tumesema ni nzuri. Lakini mtu akimsikia Mzee na hii atafikiri tumezika mtu mwingine."

"Chukueni tu! Tafadhali! Ichukueni!"

Walitazamana. Nilikuwa nimeanza kulia, kilio kile kibaya cha kukosa hewa. Dada aliweka mkoba chini kwa mara ya kwanza tangu aingie, akanivuta kwake. Alinukia sabuni na moshi wa kuni. Muziki ulikuwa bado unacheza, unajizuia, unatafuta, haumtaki mzee wa Ahero wala mzee wa Ahero hautaki. Nilielewa kwamba mambo ya namna hii hayabadilishwi. Una mwenyewe.

Hapo ndipo Baba alipoingia.

Alisimama mlangoni, amevaa shati la jana. Kaka alimwangalia usoni akainuka polepole.

"Bwana Kamera. Kwema huko?"

"Tumepoteza mtoto," Baba akasema. "Kalikuwa kavulana. Mama yake bado anapigana na presha."

"Pole, omera. Pole sana."

Dada akasema pole kwa Kidholuo, akaendelea kuisema chini kwa chini, mkono wake ukiwa bado mgongoni kwangu. Baba aligeuka kwenye kompyuta, kana kwamba ndiyo kwanza anausikia muziki.

"Nani ameweka hii?"

"Ni huyu," kaka akasema. "Alikuwa anatulazimisha tuichukue. Tulimwambia ni ya mtu mpole."

Baba aliniangalia. Alichuchumaa mbele yangu, magoti yakalia. Akauliza kwa nini, na yote yakanitoka kwa pamoja, bila mpangilio: mwalimu, mzee wa posho mill, kitenge cha njano, keki, ule mkono wa kupunga.

"Nani amekuambia muziki inaua mtu?"

"Kila ukisema ni ya mtu fulani, huyo mtu amekufa."

Akaitazama kompyuta. Nyuma yake, kwenye rafu, DVD zilikuwa zimepangwa hadi darini. Nilimwona akitafuta hata moja ambayo ingenikosoa, na nilimwona akiikosa.

"Kesho twende," akasema mwishowe. "Utamwuliza mwenyewe."

Mlinzi wa wodi alisema watoto hawaingii, kwa hiyo Mama aliletwa nje verandani kwenye kiti cha magurudumu. Sikuwahi kumwona akisukumwa. Uso ulikuwa umejaa hadi macho yakawa madogo, na mdomo ulikuwa mkavu. Nilisimama mbali naye. Niliogopa kumgusa, kama mtu anayeogopa kugusa kikombe kilicho ukingoni mwa meza.

"Umekula?" akaniuliza. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Ndiyo."

"Uongo. Kuja hapa." Nikaja. "Baba yako ananiambia umejaribu kunigawia watu muziki yangu."

"Walikataa."

"Walikataa?" Alionekana kuchukizwa kidogo. "Kwani ina makosa gani?"

"Walisema ni ya mtu anayesalimia watu."

Alicheka, kisha akashika tumbo ambalo sasa lilikuwa tupu, na kicheko kikageuka kitu kingine, nikangoja kipite. Baba alikuwa ameenda kununua maji. Mama alimtazama anavyopotea kwenye kona, akaniinamia.

"Sikiliza. Kabla tuoane, baba yako alikuwa anaendesha video hall huko sokoni. Filamu ikiisha watu wote wanatoka. Siku moja mimi nikabaki, majina yamepanda mpaka ya mwisho, na hii muziki inalia. Akaja akaniambia, wewe ndiye mtu wa kwanza kubaki na mimi mpaka mwisho. Akasema hii sasa ni yako, sitaipea mtu mwingine. Hata watu wakilipa. Hata akifa nani. Ndiyo maana hakuna marehemu amewahi kuipata."

Nilijaribu kuligeuza jambo hilo kichwani. Lilikuwa zito, kama kugeuza godoro.

"Ulikuwa unaipenda?"

"Nilikuwa nangojea mvua iishe." Alinitazama kwa ukali. "Usimwambie. Siku hizi naipenda."

"Mama, utakufa?"

Akina mama wengine wangesema hapana. Nimefikiri sana kuhusu jambo hilo, labda kupita kiasi, na nadhani kama angesema hapana nisingemwamini kamwe.

"Daktari anasema presha inashuka," akasema. "Na mimi naisukuma. Hiyo ndiyo najua leo."

Baba aliporudi na maji, Mama akanywa, akarudisha chupa. Kisha akamwambia kwamba ule muziki anataka apewe mtoto. Baba hakuelewa, au alijifanya hajaelewa. Mama akasema mtoto alikuwa akirusha miguu fidla zilipoingia. Duniani hakuwahi kusikia mengi, lakini hiyo aliisikia. Hatakwenda bila kitu anachokijua.

Dani alitaka mtoto azikwe siku ileile, na wanawake, kimya kimya, kama ilivyo desturi kwa mtoto ambaye hakulia. Mama alituma ujumbe kwamba wamngoje. Mtoto akahifadhiwa hospitalini, wakamngoja Mama hadi daktari alipomruhusu kwenda nyumbani, ingawa kwa masharti, na kwa dawa nyingi, na kwa uso ambao mimi sikuuamini. Asubuhi moja, jua likiwa bado halijawa kali, tulisimama nyuma ya nyumba ya Dani karibu na migomba. Kishimo kilikuwa kidogo sana. Upepo ulikuja kutoka ziwani ukipiga majani.

Baba alipotoa simu yake, ile ya Kichina yenye spika za kusikika hadi kwa jirani, Dani alimshika mkono.

"Mnafanya nini? Huyu hata jina hana. Mtamlilia kwa muziki gani?"

"Haina maneno, Mama," mama yangu akamjibu. "Haitamwita jina lolote."

Dani alimwachia Baba mkono taratibu. Alikuwa mwanamke aliyejua desturi zote na sababu za nusu yake tu.

"Basi iwe kidogo," akasema.

Baba akashusha sauti, akabonyeza, akaitia simu kwenye mfuko wa shati. Hakuwa na kamera. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona penye kaburi bila kamera, na hakujua mikono aiweke wapi. Fidla ya kwanza ikaanza kifuani mwake.

Kila mtu aliangalia kishimo. Mimi nilimwangalia Mama. Nilijua sasa umepewa mtu mwingine, nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu ukipewa, lakini nilifikiri pia kwamba muziki huenda ni kama mbwa: ukimgawa kwa jirani anaweza kurudi kwa mwenyewe, na mwenyewe alikuwa hapo hapo, amejishikilia kwenye ukuta, amevaa ndala za Baba, miguu bado imevimba. Fidla nyingine zikaja kusaidia. Midomo yake ilikuwa nyeupe. Alifumba macho na nikamwona akiyumba, kidogo tu. Filimbi ikaja. Udongo wa kwanza ukaanguka, karibu bila kishindo. Nilishika kitenge chake kwa mikono miwili, nikakaza miguu ardhini, tayari kuvutana na chochote kitakachomvuta.

Muziki ukajizuia, ukajizuia tena, ukaisha. Mfukoni mwa Baba kukawa kimya.

Nilingoja. Nikainua macho. Mama alikuwa bado amesimama.